Nilimsingizia Muuza Magari Kuwa Anatafuta Mke

Kosa ni langu. Nalisema mapema, maana nikikusimulia jinsi yule bwana alivyotudharau utashawishika kuwa upande wangu. Usiwe upande wangu. Mimi mwenyewe nimejaribu, nikashindwa.

Natoka kijiji kimoja karibu na Mtinko. Wakati huo nilikuwa nimemaliza Chuo Kikuu, nimemaliza na jeshi la kujenga taifa, nimerudi nyumbani kungoja barua ya kupangiwa kazi. Na nilikuwa nampenda Mwanaidi, binti wa Mzee Ntandu, mwenyekiti wa kijiji chetu cha ujamaa.

Kumwambia? Thubutu! Tangu likizo ya mwaka wa kwanza nilikuwa natunga maneno ya kumwambia. Nikiyapata, nayachunguza. Nikiyachunguza, nayaona yana kasoro. Je, akicheka? Je, asipocheka? Je, akikubali kwa ajili ya shahada yangu, halafu aje agundue kuwa mwenye shahada ndiye huyu? Kila nilipokutana naye nikawa namweleza habari za mvua, mpaka siku moja akaniuliza kama huko chuoni nilisomea mawingu.

Ndipo kijiji kikaamua kununua pikapu iliyotumika, ya kubebea vitunguu kwenda mjini na wagonjwa kwenda hospitali. Mwenye leseni kijijini nilikuwa peke yangu, kwa kuwa udereva nilifundishwa jeshini. Mzee Ntandu akaniambia nijiandae, tutakwenda Singida mjini mimi na yeye. Nikajiambia: hii ndiyo nafasi. Baba akiniona ninafaa, ya binti yatajileta yenyewe.

Magari yaliuzwa kwenye uwanja wa gereji moja. Muuzaji alikuwa kijana wa kutoka Tabora, Hamisi jina lake, shati jeupe lililopigwa pasi hadi kola inakata. Mjini walimwita Bwana Usiguse. Nilielewa sababu mara tu nilipoweka kidole kwenye boneti.

"Usiguse," akasema, bila hata kuinua uso.

Mzee Ntandu akamsalimu kwa upole. Yule akamwangalia miguuni. Mzee alikuwa amevaa viatu vyake vya matairi, kama wazee wote wa kwetu.

"Naona tairi mmeshanunua," akasema. "Limebaki gari."

Mafundi wakacheka. Mzee naye akacheka kidogo. Mimi sikucheka. Nikaona nimtetee mkwe wangu mtarajiwa, nikamwambia yule bwana kwamba anazungumza na mwenyekiti wa kijiji, na mimi ni mhitimu wa Chuo Kikuu.

"Hongera," akasema. "Digrii haina gia. Na uondoe mkono hapo."

Sikuwa hata na habari kuwa mkono ulikuwa umerudi.

Tukaomba kulijaribu gari. Akasema tutafika kwenye yale mawe makubwa nje ya mji, tugeuze. Mzee akamweleza kwamba fedha ni za kijiji kizima, kwa hiyo wazee lazima walione gari ndipo waseme ndiyo. Bwana Usiguse akaguna, akasema gari si mchumba hata lipelekwe nyumbani kutambulishwa.

Mzee hakubishana naye. Alisema tu kwamba kama ni hivyo tutarudi kwa basi, akageuka. Ile pikapu ilikuwa imekaa pale mpaka nyasi zimeota chini yake, hivyo yule bwana akalegea. Ila alitoa sharti: mbele atakaa yeye, kulinda mali. Mzee apande nyuma.

Nyuma! Baba yake Mwanaidi, kwenye bodi, kama gunia la mtama!

Nikabaki nimeshika usukani huku kichwa kinachemka. Huyu ni kupe au ni bepari kamili? Nikikataa kuendesha, kijiji kitakosa gari. Nikikubali, Mwanaidi atasikia kuwa nilikaa kwenye kiti laini huku baba yake anakula vumbi. Nilitafuta jibu la kumjibu nikapata kama manne, yote yakinijia tulipokuwa tumeshavuka yale mawe. Hapo ndipo lile neno lake la mchumba likanirudia, na shetani akakaa katikati yetu.

Kwetu huwezi kumpita mzee njiani kama unapita kichuguu. Lazima usimame, utoe shikamoo, uulizwe habari za nyumbani, za mifugo, za shamba, nawe uulize. Bwana Usiguse hakuweza kunikataza kusalimia wazee. Na Kinyaturu, lugha yetu, hakujua hata neno moja.

Wa kwanza alikuwa bibi mmoja aliyetoka mnadani na kuku wawili. Tulipomaliza salamu akauliza ni nani huyo aliyekaa wima kama amemeza mchi. Nikamwambia kwa Kinyaturu kwamba ni bwana wa mjini, ana kazi nzuri, anatafuta mke kwetu, ila ana haya mno.

Bibi akazunguka upande wa pili. Akauchukua mkono wa Bwana Usiguse dirishani, akaugeuza, akauminya kiganja. Akasema mkono huu haujashika jembe, lakini meno yapo yote.

"Anasemaje?" Bwana Usiguse akaniuliza.

"Anasifu gari."

"Mwambie asante. Na asiegemee mlango."

Bibi akapanda nyuma na kuku wake. Mzee wa pili nikamwambia hivyo hivyo, nikaongeza kidogo kwamba bwana huyu analia usiku kwa upweke. Huyo akampiga piga begani kwa huruma. Wa tatu akamwombea dua ndefu, na Bwana Usiguse, akidhani ni dua ya gari, akaitikia amina. Jamani, nilifurahi! Sijawahi kuwa mwepesi wa maneno namna ile maishani mwangu. Kila mzee alipanda, na mizigo yake. Yule bwana alipolalamika kwamba gari linainama, nikamjibu kwamba tunapima springi.

Nilichosahau ni kimoja tu. Wale wote waliopanda nyuma walikuwa na midomo, na nyuma hukohuko alikuwa Mzee Ntandu.

Tulipofika kijijini Mzee alishuka, akajikung'uta vumbi, akaagiza mgeni aletwe nyumbani kwake ale. Watoto wakalizunguka gari. Bwana Usiguse akaanza wimbo wake wa usiguse, usiguse, mpaka Mwanaidi akatoka na maji ya kunawa.

"Kaka," akamwambia, "kama hutaki liguswe ungelifungia kabatini kwenu. Huku limekuja kufanya kazi."

Nikasubiri Bwana Usiguse amtukane. Hakumtukana. Alimtazama, akaangalia chini, akacheka. Kicheko cha mtu aliyepatikana. Akanyoosha mikono akanawishwa, akauliza kama kila mgeni hupokewa kwa ulimi mkali vile au ni yeye tu. Mwanaidi akasema wengine hupokewa vibaya zaidi.

Mimi nilikuwa nimekaa pale pale. Mwanaidi hajawahi kuniambia neno kali hata moja. Zamani niliona hiyo ni dalili njema.

Baada ya kula, Mzee Ntandu akageukia Kiswahili ili mgeni asikie. Akasema huyu kijana wetu amewaambia wazee njiani kwamba mgeni anatafuta mke. Akamuuliza kama ni kweli.

Bwana Usiguse akaacha kutafuna. Akanigeukia taratibu. Niliona jinsi safari nzima inavyopita machoni mwake: kiganja kilichominywa, mabega yaliyopigwa pigwa, ile dua. Angeweza kunimaliza. Neno moja tu, nami ningekuwa mtu aliyewadanganya wazee walioitikia shikamoo yangu, tena kwa jambo la ndoa.

Akatazama mlango ambao Mwanaidi alikuwa ameingilia. Akanitazama tena mimi.

"Ni kweli, mzee," akasema. "Nilikuwa naona haya kusema mwenyewe. Nilimwomba ndugu yangu huyu anisemee."

Mzee akaitikia kwa kichwa, akasema kwamba hapo sasa ameelewa, maana mtu mwenye haya mara nyingi hujificha kwenye ufidhuli. Kisha akanishika goti, akaniambia kwamba aliyelifungua neno mbele ya wazee ndiye mshenga, na mshenga hutembea na neno lake mpaka mwisho.

Ningesema kweli pale pale! Lakini nilipima. Nikikiri, nitaaibika. Nikiaibika, Mwanaidi atasikia, na amekaa nyuma ya ukuta. Nisipokiri, labda huyu mtu anatania tu, atasahau. Nilipokuwa bado napima, wazee walikuwa wameshaanza kuzungumzia springi za gari.

Wakati wa kumrudisha mjini tulikuwa wawili tu. Nikamwambia ndugu, nisamehe, ule ulikuwa mzaha.

"Wako ulikuwa mzaha," akasema. "Wangu si mzaha. Au una neno lako na yule binti?"

Aliuliza vizuri, bila dharau. Naamini ningesema ndiyo, angeacha. Nikaanza kufikiri jibu. Nikilitoa waziwazi, atalibeba vipi? Nikilizungusha, ataelewa? Tulifika mjini bado nafikiri. Akashuka, akafunga mlango kwa upole wake, akasema basi nije kwake kuchukua barua ya posa siku itakayonifaa.

Gari tulilipata, na kwa bei iliyowashangaza wazee. Mafundi wanasema hajawahi kumpunguzia mtu.

Barua niliipeleka mimi. Kama ilivyo desturi, binti aliulizwa. Alinifuata nje, akasimama karibu nami kuliko siku zote, akaniuliza mimi namwonaje yule mtu. Wewe mwenyewe, akasema, si mshenga.

Na mimi nikamsifu. Nilimsifu kwa hoja zilizopangwa kama insha ya mtihani: ana kazi, ni msafi, hadanganyi. Mwanaidi alisikiliza mpaka mwisho, na nilipomaliza bado alikuwa anasubiri.

"Leo umeongea sana," akasema. "Sikujua kama unaweza." Akaingia ndani, akakubali posa.

Sasa wana mtoto. Wakigombana, na wanagombana kwa raha zao, mimi mshenga naitwa nikawapatanishe. Juzi nilikwenda nikiwa na tumaini ovu, namwomba Mungu anisamehe, kwamba safari hii wameshindwana kweli. Nikakaa, nikawasikiliza, na maneno yakanijia kama maji. Niliwapatanisha vizuri mno. Mwanaidi alimcheka mumewe, mumewe akamtania, nami nikasindikizwa kwa zawadi ya kuku.

Kwa hiyo ninyi vijana wenzangu mnaokwenda kununua gari, au shamba, au chochote, mkakutana na muuzaji mwenye kiburi: mjibuni palepale, hata kwa jibu baya, kisha mwende zenu. Msilipeleke jibu lenu kwa njia ya nyuma, kwa lugha asiyoijua, mbele ya wazee. Na mwenye neno la moyoni kwa mtu alipeleke likiwa bichi. Likikaa sana mdomoni linazoea kutoka kwa ajili ya watu wengine.

Langu limeshazoea. Habari zangu zimeenea, wanasema nina ulimi wa posa. Wiki hii amekuja baba mmoja kutoka Misigiri, ana kijana wake anayeshindwa kuzungumza na binti jirani, anaomba nikamsemee. Nilitaka kumwambia amwache kijana aende mwenyewe, hata akababaike, hata achekwe.

Nimemjibu kwamba nitafikiri.