Mgeni wa Chumvi

Kila nikifika mji wa pwani, kabla sijatafuta pa kulala, naenda kunusa bahari. Utotoni, harufu hiyo ilikuwa kwenye dirisha letu Tunduma, ndani ya chupa ya pipi yenye maji ya bahari na tumbawe laini lililochezesha vidole vyake. Mjomba, dereva wa lori, ndiye aliyelileta.

“Nikirudi nikalikuta hai, nakupeleka ukaione bahari. Maji yakipungua, ongeza ya mvua tu; chumvi hubaki.”

Chumvi ilikuwa adimu katika duka la ujamaa. Bibi akatia yake yote chupani.

“Aliyezoea chumvi mtampa maji matupu?”

Tumbawe likajikunja, likaoza. Mjomba aliporudi, Bibi alimwahi mlangoni. “Mgeni wako nimemlisha!”

Mjomba akaitazama chupa, akanitazama.

“Naona, mama. Ameshiba, amelala.”

Akanifungulia mlango wa lori.