Mkanda Uliorudi Nyuma

Mwaka ule wa tisini na tano Nyamizi alikuwa na miaka ishirini na miwili, na katika kikundi chetu cha ngoma hapa Bariadi hakuna aliyemfikia kwa miguu. Siku za kazi alimsaidia mpiga video wa harusi. Video zilikuwa zimeingia mjini kwa fujo, kila mwenye visenti akifungua kibanda cha kuonyesha. Basi akaazima kamera, akapanda juu ya lori, akatupiga picha tukicheza uwanjani. Alitaka aone mistari yetu inalegea wapi, apange hatua upya, kisha atengeneze filamu yake ya ngoma. Mimi mpiga ngoma nilimwona anajisumbua bure.

Siku moja kabla ya mashindano ya Lalago alituonyesha ule mkanda. Tulicheka, tukataniana. Ulipokwisha, akabonyeza kitufe cha kuurudisha bila kuzima picha kwanza. Kwenye kioo cha televisheni tukawaona watazamaji wetu wakiondoka kinyumenyume, mmoja mmoja, mpaka uwanja ukabaki mtupu.

Mashindano yetu yanajulikana: vikundi viwili hucheza uwanja mmoja kwa wakati mmoja, na mshindi ni yule aliyezungukwa na watu wengi. Dawa ya kuwafukuza watu tunaiogopa kuliko radi.

"Zima!" alifoka Mashimba, manju wetu, mzee aliyetutungia na kutuongozea nyimbo. "Ng'wanawane, binti wee, umetufanya nini?"

"Baba, ni mashine tu. Inarudisha mkanda."

"Kesho watu wakituacha, nitajua ni mkono wako."

Hakutaja uchawi. Hakuwa na haja. Miaka ile neno hilo likimshika mwanamke, panga lilifuata. Nyamizi akachomoa waya wa umeme, akakimbilia nje na kuuacha mkanda ndani ya mashine. Mimi niliogopa pia, tena sana, na niliyemwogopa ni yeye.

Kesho yake kule Lalago, hatujamaliza wimbo wa pili, watu wakaanza kuhamia kwa wenzetu. Mashimba akamkazia macho. Nyamizi akaruka katikati, akawapa watu mgongo, akaanza kuicheza ngoma yetu kutoka mwisho: hatua zikirudi nyuma, mikono ikishuka pale ilipozoea kupanda, vilevile alivyoiona kwenye kioo. Hakuwa na raha hata chembe. Alicheza kama mtu anayekimbizwa. Watu wakapiga kelele, wakarudi mbio, wakakata hata kamba ya uwanja. Wenzetu wakabaki wakijichezea peke yao.

Tulishinda. Nyamizi akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu jana yake. Masikini, alidhani yameisha.

"Mmeona?" Mashimba alituambia taratibu. "Jana aliwaondoa. Leo amewaita."

Nyamizi akaja na ndoo ya maji, akanijazia kikombe, mimi wa kwanza kama kawaida yake. Nilikuwa sijaonja maji tangu asubuhi. Nikamwambia nimeshakunywa.