Nilitoa ushuhuda kanisani kwamba nimemaliza riwaya, na bado niko ukurasa wa kwanza

Wakuu, salamu kutoka Eldoret, upande wa Pioneer.

Nianze na ujinga wenyewe ndio mnicheke mapema tumalizane. Nilisimama mbele ya kanisa nikashukuru Mungu kwa kunisaidia kumaliza riwaya. Riwaya yenyewe ilikuwa na ukurasa mmoja.

Hapa siongezi chumvi. Chumvi yote niliimaliza siku hiyo.

Niko Form Three. Tulipofunga shule, mamangu alikuwa na magunia ya mahindi ya kupukuchua. Nikamwambia siwezi, naandika kitabu. Mama aliachia masomo primary, na neno kitabu analiheshimu vile wengine wanaheshimu polisi. Akanipea meza. Yeye na dadangu wakakaa nje na mahindi.

Mwanzo ilikuwa ujanja tu. Shida ni kwamba niliandika ukurasa mmoja nikaupenda. Hapo ndipo uchovu ulianza.

Kwa huo ukurasa kuna mzee ameanika mahindi kando ya barabara. Mvua inakuja na turubai yake haitoshi. Afunike gani, aache gani?

Sijui, wakuu. Nimekaa na huyo mzee likizo yote. Nimemnyeshea mvua ya kila aina. Nikaleta mvua ya mawe, nikaona ni uonevu, nikaitoa. Nikampa bibi, bibi akaongea sana, nikamuua. Nikamfufua kwa sababu alikuwa anapika vizuri.

Mzee bado amesimama tu.

Wale husema kuandika ni kukaa chini, mimi nimekaa. Matako yangu yamefanya kazi kuliko mkono.

Sasa Jumapili vijana tukaitwa mbele tushuhudie. Mmoja alishukuru kwa mtihani, mwingine kwa kupona malaria. Zamu yangu ikafika nikaona mama ananiangalia, vidole vimefungwa plasta kwa sababu ya kupukuchua. Mdomo ukasema wenyewe, "Nimemaliza kitabu."

Pasta akakiombea. Mama akalia. Nikajua nimekwisha.

Alhamisi kina mama wa fellowship wakaja kwetu. Wakiwa kwa chai, kiongozi wao, Mama Chebet, akaniita.

"Mwandishi, kuja utusomee kidogo kabla ukuwe mkubwa utusahau."

Nikasoma kwa simu. Nikafika kwa turubai. Nikaweka simu chini.

"Endelea basi."

"Ni hapo tu, Mama."

"Hapo tu ya leo?"

"Hapo tu yote."

Mama mmoja kwa kona akauliza, "Na ile tuliombea?"

Mama Chebet akamjibu, "Tuliombea mimba. Mtoto atakuja."

Wakacheka mpaka chai ikamwagika. Hata mimi nilicheka, nyinyi mnanijua. Mamangu peke yake hakucheka. Alianza kukusanya vikombe, na vingine vilikuwa bado na chai.

Nilichotoa hapo ni hiki: uongo wa kujitoa kwa shida huwa mwepesi sana, mpaka umpate mtu mmoja ameuamini na roho yake yote. Ingine ni kwamba usitangaze kitabu kama wewe mwenyewe hujui mtu wako atafanya nini mvua ikifika.

Wale mmewahi kukwama ukurasa wa kwanza, mlitokaje? Niambieni hapo chini. Hata matusi nitasoma nikipumzika, kwa sababu mahindi sasa napukuchua mimi.

Na kwa wale watauliza mama alisema nini: wageni walipotoka aliosha vikombe vyote bila kuniangalia. Akapangusa mikono. Halafu akasema hivi, sijatoa wala kuongeza:

"Huyo mzee wa turubai ni babangu, mvua ilimkuta hivyo hivyo. Sijui ulimtoa wapi, maana alikufa kabla uzaliwe. Sasa Jumapili utasimama useme ukweli. Mimi nitasimama kando yako, lakini sitakusaidia kuongea."