Nundu ya Sajini

Hasira ya Kalunde ingeweza kuivisha sufuria ya muthokoi, mahindi yaliyokobolewa na maharagwe, bila kuni. Ndivyo walivyosema watu wa Kilungu nzima, na mwaka ule wa ukame, mahindi yalipokwisha ghalani, hasira ndiyo pekee iliyobaki tele. Na yote ilikuwa kwa sababu ya mbwa.

Sajini aliachwa na marehemu mume wa Kalunde: mbwa mwekundu, mzee, mwenye kukoroma kumshinda hata bwana mwenyewe. Aliota uvimbe ubavuni. Ulianza kama ndimu, ukawa chungwa, na wenye ulimi mrefu walidai kwamba mbwa akienda sokoni uvimbe unatangulia kufika. Bwana mifugo alipokuja kuchanja ng'ombe, Kalunde alimburuta Sajini hadi kwake. Bwana mifugo akauminya, ukateleza chini ya ngozi.

"Haya ni mafuta tu, mama. Mbwa wakizeeka huota hivi, wala hasikii maumivu. Ukiona umekuwa mgumu, au umepasuka, au unakua mbio, niite. Na hiki cha kwenye kope ni chunjua, kiache."

Mafuta! Mbuzi wa watu walikuwa wamebaki pembe na macho, na mbwa wake ana akiba. Kalunde alirudi nyumbani akicheka peke yake.

Kicheko hicho kilikatwa na Ndululu, mdogo wa marehemu, ambaye shamba lake lilipakana na la Kalunde. Ndululu alienda kisimani akamwaga maneno: ule si uvimbe, ni kithitu, kile kitu cha kiapo ambacho mtu akikigusa huku anasema uongo, anakufa yeye na ukoo wake. Kalunde amekishona ndani ya mbwa, alisema, ndiyo maana mawingu yanatupita. Mbwa achomwe.

Watu wakaanza kuzunguka mbali na boma lake. Hata Kasyoka, rafiki yake wa tangu usichana, alipoombwa kaa la moto alilitupa nje ya mlango kama anayemtupia fisi mfupa. Kalunde aliliokota akitukana, na vidole havikuungua. Vilikuwa vya moto kuliko kaa.

Asubuhi moja wakaja. Ndululu mbele na panga na kamba, nusu ya kijiji nyuma yake, na Muthama, mzee wa kijiji, akiwa mwisho kwa aibu.

"Shemeji, tupe huyo mbwa kwa amani."

"Amani gani hiyo imenolewa pande mbili?"

"Hatutaki maneno. Mvua imekataa."

"Ni mafuta, Ndululu! Bwana mifugo ameyashika kwa mkono wake!"

"Bwana mifugo ametoka mbali. Atajuaje kithitu?"

Kalunde alifungua mdomo amtukane hadi babu wa babu yake. Hapo Sajini akatikisa mkia, na Ndululu, na panga lake lote, akaruka nyuma. Kalunde akaufunga mdomo. Hasira yake ilitulia, na ikitulia ndipo ilipokuwa mbaya.

"Haya, umeshinda. Ni kithitu," alisema polepole. "Basi kifanye kazi yake. Weka mkono hapa kwenye uvimbe, useme mbele ya hawa: mimi Ndululu sikung'oa mikonge iliyoonyesha mpaka wa mashamba yetu, siku kaka yangu alipozikwa. Ukimaliza, mchukue mbwa, na kuni nitakupa mimi."

Sajini akapiga miayo. Mkono wa Ndululu ulitoka, ukafika katikati, kisha ukarudi kushika kamba.

"Mimi sikuja kuapa."

"Gusa, ndugu yangu," Muthama akasema, akipita mbele. "Si umesema unakijua? Sisi tunangoja."

Hakugusa. Muthama akawaongoza watu wote hadi shambani, wakafukua, na visiki vya mikonge ya zamani vikaonekana, ndani kabisa ya shamba ambalo Ndululu aliita lake.

Kalunde hakusamehe. Ndululu alipopanda mikonge upya, Kalunde aliweka kigoda kando ya mpaka akamsimamia huku akitukana bila kupumua. Mstari ukipinda kidogo tu, aliita, "Sajini!" Mbwa akaja taratibu, nundu ikining'inia, na mstari ukanyooka.