Kidole cha Shangazi Mariana

Shangazi yangu Mariana ni fundi marumaru, na kama umewahi kukanyaga sakafu nzuri hapa Ifakara, jua umelikanyaga jasho lake. Anakaa Lipangalala. Ana pima maji moja ya njano anaibeba kama wenzake wanavyobeba pochi. Mkaribishe chai, kabla hajakaa anailaza mezani kwako. Kale kapovu ka ndani kakikimbilia pembeni, anakuangalia kwa huruma, halafu chai yako anaimaliza vilevile.

Akishabandika marumaru, anazigonga kwa kifundo cha kidole, moja moja, anasikiliza. Inayolia tupu anaing'oa. Mtaani wanamwita Daktari, eti anapima sakafu kifua.

Mwaka jana kigango cha kijiji cha Mbingu, huko barabara ya Mlimba, kilimpa ukuta wa nyuma ya altare aupambe. Seifu wa duka la vifaa vya ujenzi alikuwa na rundo la marumaru zilizovunjikia njiani, akamwambia beba zote, zinaniziba mlango. Shangazi akazikata vipande vidogo vidogo, akatengeneza Yesu amesimama kwenye mtumbwi, chini yake mto Kilombero, na kambale wawili wenye masharubu. Kazi ilinyooka mpaka nzi walikuwa wanateleza.

Tatizo, ilikuwa imekufa. Ukisimama mlangoni unaona bafu la gesti ambalo mtu kaingia na mtumbwi. Mwenyekiti wa kigango, mzee Fulgensi, mvuvi mstaafu, aliutazama ule ukuta akasema, "Mariana mwanangu, kabla ya sikukuu ya mtakatifu somo wetu tutapaka rangi." Ndoo ya rangi nyeupe ikaletwa, ikawekwa palepale mlangoni.

Kwenye grupu la familia shangazi aliandika maneno mawili: "Hawajui kazi." Lakini tulijua imemuuma, maana siku hiyo alikunywa chai kwangu bila kuipima meza.

Sasa kuna Sista Lina, mtawa Mtaliano aliyeuguza watu hapa kwetu mpaka akazeeka. Shangazi ndiye alimtengenezea sakafu ya zahanati yake, na kumbe bibi wa watu hakuisahau. Alipofikisha jubilei ya utawa akamwalika kwao, mji unaitwa Ravena.

"Shangazi, usiende kuwapima Wazungu nyumba zao," binamu yangu Vitus akaandika.

"Kama wamenyoosha, wanaogopa nini?"

Ujumbe wake wa sauti wa kwanza kutoka Ravena ulikuja mchana. "Huu mji una makanisa ya miaka elfu na mia tano. Kwa nje matofali matupu, kama ghala la mpunga. Tulieni, bado sijaingia."

Wa pili alikuwa ananong'ona, na shangazi akinong'ona ni kama lori limejaribu kunong'ona. "Nipo ndani ya kijumba kimoja. Dari lote bluu, limejaa nyota. Kuna njiwa wanakunywa maji kwenye bakuli. Vipande vidogo tu, kama vile vya Seifu. Jamani, ukisogea na nyota zinasogea. Ngoja kwanza."

Ko, ko, ko. Halafu mwanaume anafoka Kitaliano. Halafu Sista Lina anaomba radhi. Halafu ujumbe unakatika.

"Kashaanza kuwapima kifua," Vitus akaandika.

Akaibuka jioni. "Nimegonga mawe ya chini tu, kidole kilienda chenyewe. Mlinzi kanidaka mkono. Sista akamwambia huyu ni fundi, baba wa watu akapoa, akanisimamisha kona moja nitazame kwa ubavu. Ndiyo nikaona. Kipande kimoja kimeinama, kingine kimeinua pua. Nikasema huyu fundi alikuwa mlevi. Mara jua la dirishani likapita, vikawaka kwa zamu, kumbe alifanya makusudi. Na Vitus, ulichoandika nimekiona."

Aliporudi hata hajapumzika vizuri akaenda Mbingu na nyundo na patasi. Pima maji akaniachia mimi, kama mtu anayeacha mtoto kwa jirani. Katekista Dionisi aliposikia vishindo akaja mbio.

"Mama, unaibomoa mwenyewe?"

"Nabomoa mto tu. Kambale wako salama."

Akaanza kuurudisha mto kipande kwa kipande, kila kimoja anakisukuma kwa dole gumba kiinamie upande wake. Mkono wa mazoea ukawa unanyoosha wenyewe, anauchapa kofi, anapindisha upya. Dionisi akamuuliza itakuwaje mwenyekiti akiikataa tena.

"Mwanzo alikataa kazi mbaya, simlaumu. Sasa hivi akikataa atakuwa amekosea yeye."

Asubuhi ya ukaguzi tulikuwepo wote. Mzee Fulgensi akapitisha kiganja ukutani.

"Shikamoo mwenyekiti," shangazi akasema.

"Marahaba. Mariana, huu mto haujanyooka."

"Haujanyooka. Hebu tembea."

"Niende wapi?"

"Kulia hapo tu."

Akapiga hatua. Mwanga wa mlangoni ukaushika mto, ukatiririka naye. Akasimama, mto ukasimama. Akarudi kushoto, ukarudi naye. Mzee mzima akawa anakwenda na kurudi mbele ya altare kama anacheza rede, na sisi tumeuma midomo tusicheke.

"Hivi ndivyo unavyokuwa asubuhi, kabla ya upepo," akasema, nadhani alikuwa anajisemea mwenyewe. Kisha akauliza, "Mbona Yesu mwenyewe hachezi?"

"Yeye nilimwacha nilivyomnyoosha."

Mzee akaitikia kwa kichwa, taratibu. Akamgeukia Dionisi. "Hiyo ndoo ya rangi peleka chooni, kule ndiko wanakoihitaji."

Tukaanza kupiga makofi, ila shangazi hata hakutusikia. Alikuwa ameshauinamia mto, anagonga kwa kidole, kipande baada ya kipande, sikio ukutani. Kimoja kikalia tupu. Akaking'oa palepale, mbele ya mwenyekiti.