Propela ya Baba na mulango wazi

Leo mama amenifundisha kazi, na miye ndiye fundi wa moteri.

Mukubwa wangu, muzaliwa wa kwanza wa mama, alikuja kuchukua propela ya zamani, ya kuweka kwa mashua yake ya ku ziwa la Mwadingusha.

Marehemu baba aliitengeneza hapa Likasi wakati wa Sécession, jimbo letu lilipojitenga na inchi, pièces za moteri zilikuwa hazifiki tena. Aliyeyusha shaba, akaimwanga mu kalibu ya muchanga.

Nikapitisha chuma mu tundu yake, nikaiweka juu ya nyembe mbili zenye kusimama, vile baba alikuwa anapima kama mabawa yako na uzito sawa.
Bawa moja likaanza kushuka polepole.

« Mama, iko nzito upande huu. »
Tupa ya kukwangulia shaba nilikuwa nayo mukononi tayari.

Mama, miaka makumi nane na tatu, hakuangalia hata propela.
« Funga mulango. »
« Juu ya nini? »
« Weye funga tu. »

Nikafunga.

Propela ikasimama. Nikaigeuza huku, ikabakia huku. Nikaigeuza kule, ikabakia kule.

Ulikuwa upepo. Kaupepo kadogo, hata pazia halikutikisika.

« Baba yako alikuwa anatukatalia kupumua karibu yake, » mama akasema.

Nikaweka tupa chini. Bote batatu, mama, mukubwa na miye, tukashika pumuzi.

Mafundi wenzangu, muniambie ukweli: propela zenu zinasikia mulango?