Neno Lililokwenda Mitole

Tulikuwa wakunga watatu katika kituo cha afya nilichofanyia kazi, upande wa ndani wa Kilwa. Mmoja alikuwa mwenyeji wa Rondo, wa pili wa Kivinje, na wa tatu ni mimi, mtoto wa wakulima wa mikorosho wa Nyangamara. Wale wawili walikuwa mashoga, marafiki wa kushibana, kabla sijafika pale. Nyumba zao zilipakana, uani wakawa na jiko moja la mkaa, na mtoto wa mwisho wa yule wa Kivinje alikuwa akilala kwa jirani bila kuaga kwao.

Kisha likatokea lile la binti wa kijiji cha Mitole.

Ilikuwa mimba yake ya kwanza, na alifikishwa kituoni amechelewa. Mimi nilikuwa likizo, na mkunga wa Kivinje alikuwa peke yake zamu. Mtoto alitoka kimya. Alifutwa, akapuliziwa hewa, akabanwa kifua, lakini hakulia. Ndugu zake wakamzika siku ileile.

Siku chache baadaye shangazi wa yule binti alirudi kuchukua kanga zilizosahaulika wodini. Akamkuta mkunga wa Rondo kwenye korido. Yule akampa pole, akatikisa kichwa, akasema, "Ningekuwepo mimi siku ile..." Hakumalizia. Neno lile likaenda hivyo hivyo mpaka Mitole, na huko wakalimalizia wenyewe: angekuwepo huyu, mtoto angepona, yule mwingine ndiye aliyemwua.

Yule wa Kivinje alilipata sokoni. Mjamzito mmoja aliyekuwa akichagua nyanya karibu naye alivuta kanga, akafunika tumbo, akasogea pembeni. Muuza nyanya akamweleza sababu, huku akiangalia nyanya zake.

Nilirudi kutoka likizo nikakuta nyumba ya watu wasiosemezana. Jiko la mkaa limehamishwa. Wakipishana mlangoni, mmoja anageukia ukuta. Kibaya zaidi ni kukabidhiana zamu. Kazi yetu inataka anayetoka asimame kando ya kila kitanda na anayeingia, amwambie huyu hivi, huyu vile. Wao walinifanya mimi mdomo. "Mwambie mwenzako kitanda cha dirishani apimwe tena," anasema wa Rondo, na mwenzake yuko hapo hapo, anakunja glavu. Nami narudia maneno yaleyale kama kasuku, nikiona haya mbele ya wagonjwa.

Alasiri moja nilikuwa chumba cha chanjo na watoto wanalia. Yule wa Rondo alimaliza zamu akiwa amempokea mama mmoja mwenye presha ya juu. Hakuniona. Badala ya kungoja, akamwambia mkwe wa mgonjwa, "Akija nesi mwingine mwambie presha imepanda," akachukua mkoba wake. Mkwe naye akatoka kutafuta uji.

Niliposikia kitanda kinagonga ukuta nilikimbia. Yule mama alikuwa amekaza mwili mzima, macho yamegeuka, povu mdomoni. Mkunga wa Kivinje alimlaza ubavu huku akipiga kelele, "Huyu ana presha? Mbona sikuambiwa? Nani kampokea huyu?"

Niliruka mpaka getini, nikamwita aliyempokea. Alirudi mbio, viatu mkononi. Wakafanya kazi pamoja, mmoja ameshika mkono wa mgonjwa, mwingine anachoma sindano, na hakuna aliyeinua macho kumtazama mwenzake. Gari la wagonjwa lilipoondoka, nilimwona yule wa Rondo ameegemea nguzo, anavaa viatu vyake. Mama yule alipona, na mtoto wake pia. Hayo tuliyajua baadaye.

Mganga mfawidhi, mkuu wa kituo, alituita sote watatu. Hakufoka.

"Leo Mungu katusitiri," alisema. "Mkishindwa kupatana, mmoja ataondoka hapa, na mimi ndiye nitakayechagua." Kisha akanigeukia. "Sista, wewe unakula nyumba zote mbili. Kaa nao."

Sikuitaka kazi ile. Nilikuwa mdogo kwao wote wawili, na ninavyojua, anayeamua ugomvi ndiye anayepigwa ngumi ya kwanza. Lakini nilikwenda kwa kila mmoja nyumbani kwake kwanza. Nikasikiliza tu. Nikagundua kila mmoja ananiuliza swali lilelile kabla sijakaa: mwenzangu amesema nini? Sikujibu hata mmoja.

Siku ya pili tukafunga mlango wa chumba cha chanjo. Friji linanguruma. Nikawaomba: anayesema asikatizwe, na asemeshwe mwenzake, siyo mimi. Sitakuwa mdomo wa mtu tena.

Ndipo yule wa Kivinje akasema, "Dada, mimi nimezalisha watoto wa soko zima. Leo wanafunika matumbo wakiniona. Umenivua nguo."

"Sikusema umeua."

"Ulisema nini?"

"Nilisema ningekuwepo. Ile zamu ilikuwa ya watu wawili. Yangu na yako. Mimi nilikuomba nikacheze harusi ya mpwa wangu, ukanikubalia. Nilikuacha peke yako. Ndiyo maana nikasema ningekuwepo mimi. Nilikuwa najisema mwenyewe."

Nilidhani tumefika. Niliwatazama nikingoja machozi na kukumbatiana. Lakini yule wa Kivinje alibaki amekunja mikono.

"Sasa hayo unaniambia mimi humu ndani, na mlango umefungwa. Neno ulilisemea nje. Kawaambie wao."

"Wataniona mimi ndiye muuaji."

"Basi utajua ninavyolala."

Yule wa Rondo aliinuka, akafungua mlango, akatoka. Sikujua la kufanya. Mfawidhi aliponiuliza nilimwambia, "Bado," nami moyoni nilikuwa nimeshakata tamaa.

Zilipita siku za kuudhi. Kisha asubuhi moja, tukiwa tunakunja shuka, yule wa Rondo alisema bila kuinua uso, "Twende Mitole." Hakusema na mimi. Na mwenzake akamjibu, "Haya."

Tulikwenda kwa bajaji, mimi katikati, magoti yao yakinigusa huku na huku. Tulimkuta shangazi uani anaanika muhogo. Tulimwamkia, "Shikamoo," akaitika, "Marahaba," kwa ubaridi, akatutandikia mkeka. Majirani wakaanza kusogea. Mkunga wa Rondo akaeleza yote mbele yao, harusi na zamu aliyoiacha, na kwamba mwenzake alifanya kila linalofanywa, peke yake. Mwanamume mmoja akauliza kwa ukali, "Kwa hiyo wewe ulikuwa unacheza ngoma?" Akajibu, "Ndiyo." Nilihisi mkeka unawaka moto chini yangu.

Hapo binti mwenyewe akatoka ndani. Sikuwa nimemwona kabla. Alikuwa amejifunga kanga kifuani, mwembamba, na alisema kwa sauti ndogo ambayo iliwanyamazisha wote.

"Mimi sijamlaumu mtu. Kila siku nasikia nesi huyu, nesi yule. Hakuna hata mmoja aliyekuja kunihani msiba wangu."

Tuligombea jina la mkunga siku zote zile, na mwenye msiba alikuwa amekaa humo ndani na maziwa yake.

Yule wa Kivinje ndiye aliyeinuka kwanza. Alimfuata, akamshika mikono yote miwili. Yule wa Rondo akafuata. Wakaingia naye ndani, nami nikabaki uani kumsaidia shangazi kugeuza muhogo. Walikaa humo mpaka jua likasogea. Waliyozungumza sikuyasikia, wala sikuwauliza.

Ushoga wao haukurudi ulivyokuwa. Jiko la mkaa halikurudishwa. Lakini zamu zilikabidhiwa kwa mdomo, kitanda kwa kitanda, na nikawasikia wakibishana kwa sauti juu ya mgonjwa, kama watu wanaoaminiana. Baadaye mume wa yule wa Kivinje alipata kazi Lindi, naye akahama. Siku ya kuondoka, yule wa Rondo alimbebea mtoto mpaka kwenye gari. Sokoni bado wapo wanaomnong'ona yule aliyekwenda, na sasa wapo wanaomnong'ona na huyu aliyebaki. Binti wa Mitole alibeba mimba nyingine. Alikuja kliniki mapema, akakaa benchi la mbele, akauliza nani yuko zamu, na alipoambiwa ni yule wa Rondo, akasema atamsubiri.